Kishingo wa Mwisho Chumbageni

Nilimficha jogoo. Nianze na hilo liishe, maana kila mtu nyumbani ameshalisikia na kila mtu analisimulia vibaya. Asubuhi ya siku ambayo mjomba, kaka yake mama, alikuwa anakuja kutoka kijijini Mwera, nilimkamata jogoo wa mama akiwa bado na usingizi, nikamtia kwenye kiroba cha mchele, nikakitoboa matundu ya kupumulia, nikampeleka kwa rafiki yangu mtaa wa pili. Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa kunywa chai na uso wa mtoto mwema.

Sikumwiba nimuuze. Wala sikutaka kumla na wenzangu, ingawa hilo ndilo walilonidhania wote, na kwa historia yangu siwalaumu. Nilimficha kwa sababu ya somo la Baiolojia. Najua linavyosikika. Nimelieleza mpaka ulimi umechoka, na kila nikilieleza linazidi kuwa la kijinga.

Niko kidato cha sita. Tunaingia darasani umande haujakauka, tunatoka jua limeshatukausha sisi, halafu kuna masomo ya ziada, na kila mwalimu anaamini hatuna kazi nyingine duniani ila somo lake. Huku Tanga joto la miezi ile linakaa juu ya kichwa kama ndoo. Mwalimu wetu wa Baiolojia, tunayemwita madam, ndiye aliyechoka kuliko sisi sote. Anafundisha kama mtu anayepandisha maji ghorofani. Hacheki. Ndiyo maana niliona kumchekesha ni kazi yangu, na hakuna mwingine aliyeomba kazi hiyo.

Siku aliyoanza kutufundisha jinsi makundi ya viumbe yanavyobadilika, alikuja na mfuko wa karanga za kukaanga. Nusu zilikuwa na ganda jekundu, nusu jeupe. Aliushika juu.

"Huu mfuko ni kijiji," akasema. "Kila karanga ni jeni. Watu wa kijiji wanazaliwa na kufa, lakini mfuko unabaki, kila kizazi kinachota humu humu. Swali letu ni moja tu. Nyekundu ni ngapi kwa nyeupe, na je, kwa wajukuu itakuwa vilevile?"

Akatueleza kwamba hesabu haitabadilika milele, ikiwa kijiji ni kikubwa sana, hakuna anayehamia wala kuhama, hakuna jeni linalogeuka, hakuna anayekufa au kuzaa zaidi kwa sababu ya rangi yake, na watu wanaoana bila kuchagua rangi.

Nikanyoosha mkono. "Madam, hicho kijiji kiko wapi? Nihamie."

"Hakipo," akajibu, bila hata kunitazama. "Hakijawahi kuwepo. Ndiyo maana viumbe hubadilika."

Mfuko ukapitishwa kila mtu achote, ahesabu rangi, arudishe. Ulipofika kwangu nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nilichota, nikahesabu, nikala. Nikachota tena, nikahesabu kwa uaminifu, nikala. Darasa zima likaanza kuguna kwa kicheko cha kubanwa, na mfuko ulipomrudia madam ulikuwa na vijikaranga vichache chini. Akavimwaga mezani. Vyote vyekundu.

Nilingoja anifukuze. Akavitazama, akavuta pumzi.

"Haya, wote tazameni hapa. Nyeupe zimekwisha kijijini. Zilikuwa mbaya? Hapana. Zilikuwa na ladha tofauti? Hapana. Zimekwisha kwa sababu kimepita kitu kikala ovyo, na waliobaki wachache wamebaki kwa bahati tu. Kuanzia leo kijiji hiki kitazaa nyekundu tupu. Kundi likiwa dogo, bahati ina nguvu kuliko ubora. Andikeni." Kisha akanigeukia. "Na wewe kaa chini, mdondo."

Darasa likapasuka. Mdondo ni ule ugonjwa wa kuku, ukiingia mtaani asubuhi unakuta wote wamelala miguu juu. Jina limenikaa mpaka leo. Lakini wenzangu walipokuwa wanacheka mimi nilikuwa nimeganda, kwa sababu nyumbani kwetu mdondo ulikuwa umepita kweli.

Hapo lazima niwaeleze habari za kuku wa mama.

Bibi, mzaa mama, alikuwa akiishi Mwera na kuku wake wote walikuwa vishingo. Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Anazaliwa hivyo, shingo tupu nyekundu kama ameanza kunyonyolewa akakimbia. Mgeni akimwona anamhurumia. Bibi aliwapenda kwa sababu joto haliwasumbui, wanataga wakati kuku wengine wanahema na kutanua mabawa. Bibi alipofariki, mjomba akabaki na nyumba na minazi, mama akaja huku Chumbageni na koo mmoja wa kishingo, kuku jike anayetaga, ndani ya kikapu. Sikuwahi kumsikia mama akilalamika kuhusu mgawanyo ule. Sikuwahi pia kumsikia akimpigia mjomba simu. Miaka ikapita hivyo, salamu zinapitia kwa watu wengine.

Mama anakaanga vitumbua vya asubuhi. Anaamka kabla ya adhana, anasimama juu ya moto, akimaliza anafua, akimaliza anapika, na baba ni dereva wa lori, yuko nyumbani siku mbili katika mwezi. Kitu pekee nilichowahi kumwona mama akikifanya bila kuchoka ni kuchutama mbele ya banda jioni na kumtazama yule kishingo akila pumba. Hakuwa anamsemesha. Alikuwa anamtazama tu.

Yule kuku alizaa ukoo. Baadhi ya watoto wake walikuwa na shingo tupu, baadhi walikuwa na manyoya yao kamili, kwa sababu majogoo wa mtaani walikuwa wa kawaida. Halafu mambo yakaanza kupungua. Mdondo ulipita ukachukua karibu banda zima. Kishingo mmoja aliyepona akagongwa na bodaboda. Mwingine alitolewa sadaka kwenye hitima. Wa tatu alichukuliwa na mwewe mchana kweupe, mbele yangu, nikiwa na fimbo mkononi na mdomo wazi. Hakuna kati yao aliyekufa kwa kosa la shingo yake. Bodaboda haikuchagua shingo. Ilikuwa ni zile karanga zangu, na mlaji hana nia mbaya, ana njaa tu. Mpaka wakati huu ninaousimulia alikuwa amebaki kishingo mmoja, mama yao mwenyewe, mzee, na kuku wengine wote wa banda walikuwa wamevaa manyoya shingoni.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo nililiona mimi mwenyewe na nikajiona mwanasayansi. Kuku wetu walikuwa wanazidi kuwa wadogo. Mama alilaumu pumba. Mimi nikakaa na daftari la Baiolojia mbele ya banda nikaelewa: ni adabu zetu. Kwetu akija mgeni wa heshima, anachinjiwa jogoo mkubwa kuliko wote. Akija shehe, mkubwa. Wakija wakwe wa shangazi, anayemfuatia kwa ukubwa. Anayebaki bandani kuwa baba wa kizazi kijacho ni yule ambaye ukimweka mezani utaaibika. Kila mwaka tunawala wakubwa na tunawaachia vibete wazae. Halafu tunashangaa kuku wamekuwa kama njiwa. Madam anaita hiyo uteuzi. Mimi niliita ukarimu wa kujimaliza.

Ila mwaka ule alikuwa ametokea jogoo mmoja mrefu, kifua kipana, mtoto wa yule kishingo ingawa shingo yake ilikuwa na manyoya. Nikasema huyu akibaki baba, baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kuku wa maana. Nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, yule jogoo asichinjwe. Ndiye mbegu."

"Mm."

"Tukichinja wakubwa tunabaki na mbegu ya wadogo. Ni sayansi, mama."

"Sayansi ikuonyeshe pa kuanika zile nguo zilizo kwenye beseni."

Wiki ile ile simu ikalia. Mjomba. Anakuja Jumamosi, ana jambo. Mama alisikiliza akiwa amesimama, akasema "karibu kaka, karibu sana," akakata, akabaki amesimama na simu mkononi. Kisha akatazama bandani, na nikajua anamtazama nani.

"Yule jogoo amekuja kwa wakati," akasema.

Sasa unaelewa kiroba.

Rafiki yangu niliyempelekea ni wa ile nyumba yenye ua wa ukuta mrefu, ukoo wao asili yao Oman, na wazazi wake ni mtoto wa ami kwa mtoto wa ami, kama wazazi wao kabla yao. Alimpokea jogoo, akamfungulia kwenye ua, akamkagua.

"Kwa hiyo huyu ndiye mume wa banda zima?"

"Ndiye."

"Na mle bandani kuna mama yake na dada zake."

"Ndiyo hivyo."

"Halafu nyinyi mnasema sisi!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie madam mimi na jogoo wako tuko kwenye mfuko mmoja. Usiwe na wasiwasi, namlinda kama shemeji."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya mwisho ya siku hiyo.

Mama alimtafuta jogoo bandani, nyuma ya choo, kwa jirani, chini ya mwembe wa barabarani, hata ndani ya chumba changu. Aliita kwa kupiga bati la pumba, akaja kila kuku isipokuwa yeye. Nami nilitafuta pia. Nilitafuta kwa bidii hasa, niliinama chini ya vitanda. Mpango wangu ulikuwa rahisi: jogoo hayupo, basi mama atanunua kuku sokoni, mjomba atakula, jogoo atarudi Jumapili kama mtu aliyetoka safari.

"Mama, ninunue wa kisasa? Pale kona wanachinja kabisa, wanakupa tayari."

Mama akanyooka. Jasho lilikuwa limemlowesha kanga kifuani.

"Kaka yangu hajaingia humu tangu tumzike mama yetu. Leo anakuja kwa miguu yake. Nimpe kuku wa kisasa? Yale maboga yanayofia njiani?"

"Wapo wengine hapo bandani."

"Wapi? Hao njiwa?"

Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, ambacho alikuwa ametoka kukunia nazi. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama mtu aliyesahau alitaka kushika nini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nichinjie yule kishingo."

Nikageuka kutazama bandani.

"Mwili anao. Na amezeeka, hata kutaga kwenyewe anajivuta. Mkamate, jua linapanda."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Jogoo alikuwa mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Ningesema "subiri," nikapigwa kofi moja au matatu, mambo yangekwisha. Nimejiuliza kwa nini sikusema, na jibu halina utukufu wowote. Nilikuwa nimeshatafuta chini ya vitanda. Mtu akishainama chini ya vitanda mbele ya mama yake kutafuta kitu anachojua kilipo, kurudi nyuma ni kugumu kuliko kwenda mbele.

Nikamkamata. Hakukimbia. Nyumbani kwetu baba akiwa safari mimi ndiye mchinjaji, na nimechinja wengi, nawafanyia hata mzaha nikiwa nimewashika, nawauliza wasia. Yule sikumuuliza kitu. Kuku wa kawaida inabidi upanguse manyoya kwanza ufike kwenye ngozi. Yeye shingo yake ilikuwa tayari. Mbele ya shingo alikuwa na kishungi kidogo cha manyoya, kama ndevu, na kidole changu kilikuwa kimekilalia. Bismillahi.

Mama alipompasua tulikuta mayai ndani, yale machanga yasiyo na ganda, viini vitupu vimefuatana kutoka kikubwa kilichokaribia kutoka mpaka vidogo kama punje za mtama. Mama alivitoa vyote kwa pamoja akaviweka kwenye bakuli. Hakusema tena kwamba kuku anajivuta kutaga. Aliosha mikono, akatia nazi.

Mjomba alifika adhuhuri, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na mfuko wa machungwa begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mrefu hivi! Unakula nini, kamba?"

Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na wakabaki hivyo mlangoni, watu wazima wawili wanazuia njia. Kisha wakaanza kuulizana hali kwa zamu, wa huko, wa huku, minazi, miguu, na kila jibu lilikuwa "alhamdulillahi" lenye kuchoka ndani yake.

Tukala. Mama alimwekea mjomba firigisi, na vile viini vyote vya mayai. Wali wa nazi ulikuwa mzuri, nasema ukweli. Mjomba alikula, akapangusa mdomo, akasema:

"Mdogo wangu, umepika kama mama."

Mama akainamisha kichwa.

"Nami kilichonileta ni habari ya mama," mjomba akaendelea. "Si minazi, usishtuke. Ni kuku. Mdondo ulipita kwetu kabla ya mvua. Umefagia. Vishingo wa mama wote, hata kifaranga sina. Naamka asubuhi uwanja kimya, naona kama amekufa mara ya pili. Nikasema, mdogo wangu alichukua yule koo. Lazima atakuwa na ukoo mzima sasa. Nimekuja kuomba jike mmoja tu. Mwenye shingo."

Nilikuwa nimeshika paja. Nililiweka sahanini polepole kabisa, kama linaweza kusikia.

Mama hakulia wala hakuficha. Alisema, "Kaka, ndiye huyo."

"Nani?"

"Unayemla."

Mjomba akatazama sinia. Hakuna kitu kibaya kama kumwona mtu mzima akitazama sinia hivyo.

"Hukuwa na mwingine?"

"Nilikuwa na jogoo mzuri, nimemweka kwa ajili yako. Leo asubuhi wamemwiba."

Basi nikasema. Nilisema yote, kiroba, matundu, rafiki, karanga, mbegu, ukarimu, nilisema haraka na kwa mpangilio mbaya, na nilipofika kwenye sayansi nikaona hata mimi siielewi. Mama hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anakusanya punje za wali zilizoanguka kwenye mkeka, moja moja.

Mjomba ndiye aliyezungumza. "Huyo jogoo ni mtoto wake?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi si nipe huyo? Damu ni ile ile. Atazaa vishingo."

"Hawezi, mjomba."

"Kwa nini hawezi? Mimi babu yangu alikuwa na macho ya paka, baba hakuwa nayo, dada yangu wa kwanza akazaliwa nayo. Vitu vinaruka vinarudi."

"Hayo ya macho yanajificha, mjomba. Mtu anaweza kuwa nayo ndani asionekane, akampa mtoto. Shingo tupu haijifichi. Kuku akiwa na jeni lake hata moja, inaonekana. Asipoonyesha, hana. Jogoo amechukua mengine yote ya mama yake, lakini hilo hakulichukua."

"Nani kasema?"

"Madam."

Mjomba akacheka kidogo, kile kicheko cha puani. "Kwa hiyo unajua yote hayo, na kisu ulikishika wewe."

Nikainuka kuleta maji ya kunawa.

Kilichotuokoa, au tulichodhani kimetuokoa, kilikuwa jikoni. Yule kishingo alikuwa ametaga siku chache kabla, na mama alikuwa ameyahifadhi mayai yake kwenye bakuli la pumba akingoja atake kuatamia. Mama aliyaleta mwenyewe, akayaweka mbele ya kaka yake. Mjomba aliyashika moja moja akayanyanyua kwenye mwanga wa mlango. Kwenda nayo Mwera kwenye barabara ile yangevurugika, na huko hakuwa na kuku wa kuyalalia. Wakakubaliana mama ayaweke hapa. Kitakachototolewa kikiwa na shingo tupu ni cha mjomba, na kikikua kitarudi Mwera. Aliondoka saa kumi, ametuachia machungwa. Mlangoni alinishika bega akasema, "Mdondo, ee?" maana nilikuwa nimemweleza hata hilo.

Jumatatu nilimfuata madam baada ya kipindi. Nilimweleza bila kuchekesha, na nadhani hilo lilimtisha, maana alikaa chini.

"Alikuwa na kishungi mbele ya shingo?" akauliza.

"Ndiyo. Kama ndevu."

"Basi alikuwa na jeni moja tu la shingo tupu. Wenye mawili hawana hata kishungi. Kwa kila yai ni kama umerusha sarafu. Kichwa, kishingo. Mwenge, kawaida." Akafikiri. "Baba wa mayai ni nani?"

"Yule jogoo. Mtoto wake."

Akakunja uso. "Ndugu kwa ndugu hivyo, mengi yanaweza yasitotolewe. Udhaifu uliojificha kwa mama na mtoto unakutana kwenye yai moja. Usiweke matumaini mengi."

"Lakini nusu, madam. Hesabu inasema nusu."

"Hesabu inasema nusu ukiwa na mayai elfu," akasema, akikusanya madaftari yetu, rundo linalomfika kidevuni. "Wewe una bakuli."

Tuliyaweka chini ya mtetea mwingine, kibete mwenye hasira ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujivimbisha kwenye kiota. Hakuweza kuyafunika vizuri. Kila nilipotoka shule nilipita bandani kabla ya kuvua viatu. Nilimfukuzia mbwa wa jirani, nilimwekea maji, nilimwekea gunia juu mvua ilipopiga. Jogoo alikuwa amerudi, anatembea uwanjani amejaa kifua, na kila mama alipopita karibu naye alimzunguka mbali kama dimbwi. Mimi pia alinizunguka. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alikuwa ananituma tu, lete kuni, shusha sufuria, na mimi nilifanya yote bila neno, mpaka shangazi alipokuja akauliza kama naumwa.

Mjomba alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Mama alimpa habari za mtetea kama mtu anayetoa habari za mgonjwa: leo amekula, leo ametoka kidogo akarudi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wanaongea. Walianza na kuku, wakaenda kwenye mguu wa mjomba, kwenye paa la nyumba ya bibi. Kila Ijumaa simu ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Na kila mara mjomba alimalizia na swali lile lile, na mama alijibu, "Bado, kaka. Inshallah."

Mayai mengi yalikuwa viza. Tuliyajua kwa kuyatikisa sikioni, yanacheza maji ndani. Vilitoka vifaranga vitatu, Alhamisi mchana nikiwa shule, na nilipofika mama alikuwa amechutama mbele ya banda, pale pale alipokuwa akichutama zamani.

Nikachutama pembeni yake. Kifaranga cha kishingo hujulikana siku ile ile, huhitaji kungoja. Nilichukua cha kwanza, cha njano, nikakipulizia shingoni. Manyoya. Cha pili, cheusi, kimejaa mpaka kwenye kidevu. Cha tatu kilikuwa bado kimelowa, kikanipa matumaini ya uongo, manyoya yamegandamana ngozi inaonekana, nikakishika kiganjani nikangoja kikauke. Mama naye akangoja. Tulingoja mpaka kikafura kama pamba.

Sarafu tatu, mwenge zote. Si ajabu hata kidogo, madam angesema, kwa kundi dogo. Hakuna aliyekosea chini ya yule mtetea. Nilitaka kumwambia mama hivyo, kwamba hapa kwenye mayai ni bahati tu, ila kule kwenye kisu haikuwa bahati, na nikaona sehemu ya pili inaifuta ya kwanza. Nikakirudisha kifaranga chini ya bawa. Mtetea akanidonoa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari ambalo sikuwa nalisoma, mama anaosha masufuria uani, simu yake iko juu ya ndoo iliyofunikwa. Ikalia. Akaitazama mpaka ikakaribia kukata. Akapangusa mikono kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine, akaichukua, akaja mpaka nilipokaa, akanikabidhi ikiwa bado inalia.

"Shika wewe," akasema. "Anza na shikamoo, ndiyo umwambie."